Chapisha Kabla Bakteria Hawajafa

Ndugu mtafiti kijana, kabla hujagusa sahani ya petri, ondoa kichwani wazo la kugundua kitu. Kugundua ilikuwa kazi ya watu wa zamani, waliokuwa na lenzi, mshumaa na jioni ndefu zisizo na vikao. Wewe una mkataba unaokwisha, una kamati ya kupandisha vyeo itakayokaa mwakani, na una mkuu wa idara ambaye salamu yake ni moja tu: "Dokta, mwaka huu umetoa pepa ngapi?" Haulizi umeona nini. Anauliza ngapi. Na katika sayansi zote za uhai hakuna kiumbe anayehesabika kwa urahisi kama bakteria. Unamlaza jioni, asubuhi ameshakuwa koloni, unamhesabu kwa kalamu chini ya sahani, unaandika. Anayetafiti tembo atasubiri mimba ya miezi 22. Wewe unataka pepa kabla ya Juni.

Tuanze na mada. Mada nzuri ina sifa tatu: sampuli zake zinapatikana kwa mwendo wa miguu kutoka maabara, majibu yake yanajulikana kabla ya kuanza, na tangazo lake linatisha. Mimi napendekeza noti za makondakta wa daladala. Kila aliyewahi kurudishiwa chenji ya elfu moja iliyolowa jasho anajua kwamba noti ile si safi. Ipitishie pamba iliyochovywa kwenye maji ya chumvi, paka kwenye agari, na kesho yake hutamkosa Staphylococcus wa ngozini. Ukibahatika, yaani kondakta akikosa sabuni, utampata na Escherichia coli wa chooni. Wajaribu kwa dawa tano au sita. Ampisilini huenda ikashindwa, maana imezoea kushindwa. Hapo una "usugu wa vimelea dhidi ya dawa", maneno ambayo mfadhili akiyasikia hukaa vizuri kitini. Hakuna hata mmoja atakayeshangazwa na matokeo yako, na huo ndio ubora wake, kwa sababu matokeo yasiyomshangaza mtu hayana adui. Ukikuta mwenzako ameshaziwahi noti, usikate tamaa. Kuna simu za wauguzi, vitasa vya milango ya wodi, stetoskopu, vikombe vya kahawa vijiweni, kamba za ndoo za visima. Nchi hii ina vitu vingi vinavyoguswa na mikono ya watu, na kila kimoja ni pepa.

Tena si pepa moja. Mpishi hodari wa shughuli humgawa kuku mmoja akatosha meza nzima. Nawe noti zako 100 zigawe vivyo hivyo. Noti za asubuhi, andiko la kwanza. Noti za jioni, la pili. Noti zilizochakaa dhidi ya noti mpya, la tatu. Fangasi waliojiotea wenyewe kwa sababu sahani zilisahauliwa kabatini, la nne, na hilo litaonekana la kimkakati kuliko yote. Mhariri akiuliza kwa nini hukuyaweka pamoja, mwambie data ni nyingi mno kuenea katika andiko moja. Atakuelewa, naye alipanda cheo kwa njia hiyo hiyo.

Kichwa cha andiko kisipungue mistari miwili: "Kuenea kwa Bakteria na Mwenendo wa Usugu Wao dhidi ya Viuavijasumu katika Noti Zinazozungushwa na Makondakta wa Daladala nchini Tanzania: Utafiti wa Kipindi Kimoja". Nukta mbili ni za lazima, ingawa hakuna ajuaye zinafanya kazi gani. Hilo la "nchini Tanzania" mhariri atalidai hata ukilisahau. Daktari wa Boston akipima wagonjwa 40 wa hospitali moja, kichwa chake kitasema "kwa watu wazima", basi, kana kwamba watu wazima wote wa dunia walipanga foleni Boston. Wewe hata upime 4,000, wako watabaki watu wa wilaya fulani, ya nchi fulani, kusini mwa Sahara, ili msomaji asije akadhani kwa bahati mbaya kwamba bakteria wako wanamhusu.

Kuhusu vibali sitasema mengi. Vipo, vinahitaji mihuri, na wenye mihuri wako safarini. Omba vya andiko lijalo siku unapoanza hili.

Sasa maabara. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu wanadhani sehemu ya Mbinu inaeleza kilichotokea. Sehemu ya Mbinu ni utanzu wa fasihi. Mhusika wake mkuu hana jina: sampuli "zilikusanywa", sahani "zilioteshwa", na nani, hakuna ajuaye. Halijoto yake ni moja tu, nyuzi 37. Kwamba usiku ule umeme ulikatika saa nane, jenereta ikakosa dizeli kwa sababu dizeli ilikuwa imempeleka mkubwa kwenye semina, na bakteria wakalala kwenye joto lile lile tunalolala sisi, hayo ni ya kusimuliana wakati wa chai. Andika "zilioteshwa kwa nyuzi joto 37 kwa saa 24", uendelee. (Na kusema kweli, joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili halipishani na la inkyubeta kiasi cha kumkosesha bakteria usingizi.) Jambo usiloweza kulieleza, andika "kama ilivyoelezwa awali", kisha utaje andiko ambalo nalo linasema "kama ilivyoelezwa awali". Atakayeufuata mnyororo huo hadi mwisho wake atakikuta kitabu cha Kijerumani kisichokuwepo maktabani.

Mwaka 2016 jarida la Nature lilichapisha majibu ya watafiti 1,576 walioulizwa kuhusu kurudia majaribio, na zaidi ya asilimia 70 walisema wamewahi kujaribu kurudia la mwenzao wakashindwa. Wengi walilichukulia jambo hilo kama msiba. Mimi naliona ni kinga: kama hakuna awezaye kulirudia jaribio lako, hakuna awezaye kukuumbua.

Ukweli wa maabara wenyewe ni wa kuonea haya, na historia inaujua. Alexander Fleming alikwenda likizo mwaka 1928 akaacha sahani zake mezani. Aliporudi Septemba alikuta ukungu umeingia kwenye sahani moja na kuwaangamiza bakteria waliouzunguka. Kule Perth, Australia, Barry Marshall na Robin Warren walikuwa wanashindwa kumwotesha mdudu waliyemwona kwenye tumbo la wagonjwa, kwa kuwa sahani zao zilitupwa baada ya siku mbili kama ilivyo kawaida. Ikaja Pasaka ya mwaka 1982, watu wakaenda mapumziko, sahani zikabaki ndani kupita siku zake, na mdudu yule, ambaye huota polepole, akapata nafasi. Leo anaitwa Helicobacter pylori. Kwa hiyo uzembe una heshima yake katika fani hii. Tatizo ni kwamba fomu ya maombi ya ruzuku haina kisanduku cha uzembe.

Tumefika kwenye majina ya waandishi, ambayo yanahitaji umakini kuliko bakteria wenyewe. Jina la kwanza ni la anayetaka cheo. Jina la mwisho ni la mwenye friza. Katikati ni mahali pa kutenda wema: mkuu wa idara, maana alisaini barua, rafiki yake wa chuo kingine, maana mwakani naye atakuweka kwenye la kwake, mtaalamu wa takwimu, aliyebonyeza kitufe, na mshirika wa Ulaya, ambaye mlimpelekea sampuli azisome vinasaba, kisha, kwa namna ambayo hakuna aliyeiona ikitokea, akahama kutoka jina la nne hadi la mwisho. Mteknolojia wa maabara, yule aliyepanda daladala na kuwabembeleza makondakta, akapika agari, akakesha na jenereta, naye hakusahauliwa. Yuko kwenye shukrani, baada ya mfadhili, jina lake likiwa limekosewa herufi moja.

Usijisikie vibaya, umerithi desturi kongwe. Agari hiyo uliyopikiwa iliingia katika maabara ya Robert Koch kwa ushauri wa Fanny Hesse, mke na msaidizi wa daktari Walther Hesse. Mama huyu alikuwa akiitumia jikoni kwake kugandisha jeli, baada ya kufundishwa na jirani aliyewahi kuishi Java. Kabla ya hapo wanaume wale walikuwa wanahangaika na jelatini, ambayo iliyeyuka kwenye joto na bakteria wengine waliila. Koch alipotangaza kimelea cha kifua kikuu mwaka 1882 aliitaja agari kwa kupita tu. Hesse, mke wala mume, hakumtaja. Miaka mitano baadaye Julius Petri akabuni sahani yenye kifuniko, na sahani ikapewa jina lake. Aliyetoa kifuniko akabaki katika kila maabara ya dunia. Aliyetoa kilichomo ndani, mpaka leo unamsoma kwenye tanbihi.

Wala kuwa jina la kwanza si kinga. Andiko la mwaka 1944 lililotangaza streptomaisini lilikuwa na majina matatu: Albert Schatz, mwanafunzi, Elizabeth Bugie, mwanafunzi mwenzake, na Selman Waksman, bosi wao. Schatz alikwenda mahakamani mwaka 1950 kudai haki yake katika mapato ya dawa, na ilibidi wapatane. Nobel ya mwaka 1952 ikaenda kwa Waksman peke yake. Bugie hakuwemo hata kwenye hataza.

Na lipo la karibu zaidi na kwetu. Mwaka 1976 Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku, katika Zaire ya wakati ule, kwenye ugonjwa usiojulikana. Akawatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu. Akamshawishi mtawa mmoja wa Kibelgiji, mgonjwa, asafiri naye hadi Kinshasa, na sampuli zilizotoka Kinshasa zikapelekwa Antwerp ndani ya chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto. Huko ndiko kirusi cha Ebola kilikotazamwa kwa hadubini, na kwa miongo kadhaa waliokisimulia kisa hicho walipenda kukianzia pale chupa ilipofunguliwa. Kwa hiyo unapofunga sampuli zako kwenye barafu kavu kwenda nje, fikiri vizuri: wewe ni mwandishi, au ni chupa?

Hatua inayofuata katika mwongozo huu ilikuwa ndefu na yenye manufaa makubwa. Imeondolewa kwa ombi la Mhakiki wa Pili, ambaye utakutana naye hapo mbele.

Lugha. Utaandika kwa Kiingereza, hilo halina mjadala, ingawa noti zenyewe zimeandikwa Kiswahili, makondakta walikubali na kukataa kwa Kiswahili, na ulipoliona koloni la kwanza hukumwita Mungu kwa Kiingereza. Mtu wa kwanza kuwaona bakteria, Antoni van Leeuwenhoek, alikuwa mwuza vitambaa wa mji wa Delft. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa siku zile. Aliandika Kiholanzi cha nyumbani kwao, akazituma barua London kwa Royal Society, na wao ndio waliohangaika kuzitafsiri. Barua yake ya mwaka 1676 kuhusu vijidudu vilivyomo kwenye maji ilitiliwa shaka, naye akatafuta mashahidi wa mjini kwake, wachungaji wakiwemo, wathibitishe kwa maandishi kwamba wameviona. Mwaka uliofuata Robert Hooke akalirudia jaribio, akakiri kwamba vipo. Itazame anasa hiyo: mwandishi anatuma kwa lugha yake, jarida linatafuta mkalimani, na mhakiki anarudia jaribio kwa mikono yake mwenyewe! Siku hizi mwuza vitambaa angejibiwa kabla ya chakula cha mchana kwamba barua yake ipitiwe kwanza na mzawa wa Kiingereza, na kwamba jarida linayo huduma hiyo, kwa malipo.

Kiingereza chenyewe kiwe kizito. Usiseme noti ni chafu. Sema zina mzigo wa kibakteria. Usiseme makondakta hawanawi. Sema kuna mapengo katika mienendo ya usafi wa mikono. Takwimu yako ikiangukia 0.051 badala ya chini ya mpaka wa 0.05, sema matokeo "yanaelekea kuwa na maana", bila kufafanua yanaelekea kwa kasi gani. Jina la bakteria liandikwe kwa herufi za mlazo, la jenasi lianze kwa herufi kubwa, la spishi kwa ndogo. Mhakiki anaweza kuzisamehe takwimu zilizopikwa, lakini mlazo hausamehe. Funga kwa kusema "utafiti zaidi unahitajika". Hiyo ndiyo sentensi pekee ambayo mhakiki haifuti, kwa sababu naye anaila.

Kwenye picha uwe mwangalifu. Elisabeth Bik, mwanamikrobiolojia, na wenzake wawili walichapisha mwaka 2016 matokeo ya kupitia maandiko 20,621 kutoka majarida 40: kiasi cha andiko moja katika kila 25 lilikuwa na picha zilizorudiwa isivyostahili, nyingine zikiwa zimegeuzwa au kuzungushwa ili zionekane mpya. Bik alizikagua kwa macho yake mwenyewe. Kwa hiyo kuitumia picha moja kwa majaribio matatu ni ushamba. Wajanja wa sasa wanaiachia akili mnemba ichore. Februari 2024 jarida moja la baiolojia ya seli lilichapisha mchoro wa panya dume ambaye viungo vyake vya uzazi vilikuwa vikubwa kuliko kiwiliwili, na maelezo ya pembeni yakiwa herufi zilizopangwa bila kufanya neno la lugha yoyote. Ulimpita mhariri, ukapita mchakato mzima wa uhakiki, ukaja kukwama kwa wasomaji. Andiko likaondolewa siku chache baadaye. Hiyo ndiyo hatari ya kuwa na wasomaji.

Sasa uchague jarida. Nature ilipotangaza ada ya kuchapisha kwa kusomwa bure na wote kuanzia mwaka 2021, iliiweka euro 9,500. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 20. Unapata gari la IST lililotumika na unabaki na hela ya bima. Utaambiwa kuna msamaha kwa nchi maskini, na ni kweli. Lakini Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini. Tukashangilia, na ilistahili. Kwa baadhi ya wachapishaji maana yake ilikuwa tumetoka kwenye safu ya wanaosamehewa ada yote, tumeingia safu ya wanaopewa punguzo. Taifa lilipanda, mshahara wa mhadhiri ukabaki pale pale, na ankara ikafuata taifa. Kuna majarida ya aina nyingine, yasiyomtoza mwandishi. Hayo humtoza msomaji, kwa hiyo yule mteknolojia wako hataweza kufungua andiko aone jina lake limekosewa wapi.

Ukikosa yote mawili, watakutafuta wenyewe. Itaingia barua pepe alfajiri: "Profesa Mashuhuri", nawe ni mhadhiri msaidizi. Wamesoma kazi yako kwa furaha kubwa, hawasemi ipi. Uhakiki ni saa 72, ada ni nafuu, jarida ni la Kimataifa, na linapokea mikrobiolojia, magonjwa ya ngozi na uhandisi wa barabara. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon aliwajaribu watu wa namna hii. Alitunga andiko bovu kwa makusudi, eti kemikali iliyotolewa kwenye likeni, ule ukoga mkavu wa kwenye mawe na magome, inaua seli za saratani, akalituma kwa nakala zilizobadilishwa kidogo kidogo kwa majarida 304 ya kusomwa bure. Majarida 157 yakalikubali. Waandishi waliotajwa hawakuwepo, na taasisi zao hazikuwepo. Ila miji yao ya Afrika ilikuwepo, Asmara ya Eritrea ikiwemo. Msomaji wa pande zetu ataona kwamba mtu alipohitaji mwanasayansi wa uongo, hakwenda kumpangishia nyumba Geneva.

Matokeo ya mtego huo yalichapishwa na Science, jarida la heshima kuliko hata heshima. Miaka mitatu nyuma jarida hilo hilo lilikuwa limetangaza bakteria kutoka Ziwa Mono, California, ambaye eti aliweza kutumia aseniki mahali pa fosforasi, hadi ndani ya DNA yake. Bakteria huyo alipewa jina la GFAJ-1, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Mpeni Felisa Kazi". Mwandishi wa kwanza wa andiko ni Felisa Wolfe-Simon. Nimesoma maandiko mengi, sijapata kuona lingine lililotangaza lengo la utafiti kwa unyoofu kama huo. Maabara nyingine zilichapisha mwaka 2012 kwamba bakteria yule anaivumilia aseniki tu, lakini fosforasi anaihitaji kama sisi sote. Julai 2025 Science wakaliondoa andiko hilo, waandishi wake wakipinga. Miaka karibu 15! Kwa hesabu za kamati yetu, huo ni muda wa kutoka mhadhiri msaidizi hadi profesa kamili, na profesa akishapandishwa hashushwi.

Wahakiki watakuwa wawili. Wa Kwanza ataandika mistari miwili: kazi ni nzuri, rekebisha makosa ya chapa. Huyu hajasoma, mwombee maisha marefu. Wa Pili ataandika kurasa nne. Atauliza kwa nini noti ni 100 tu na si 1,000. Kwa nini hukusoma vinasaba vya kila bakteria kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo angeliweza kwa bajeti yake ya kahawa. Na kwa nini hukulinganisha na noti za nchi ya baridi. Kisha atakutaka utaje maandiko sita "muhimu yaliyosahauliwa", yote ya mtu mmoja. Hapo umeshalijua jina lake. Usibishane. Mkono usioweza kuukata, ubusu: "Tunamshukuru sana Mhakiki kwa jicho lake kali, lililoliboresha andiko letu kwa kiasi kikubwa." Badilisha neno moja, mjibu kwamba sehemu nzima imeandikwa upya.

Wakikukataa kabisa, jifariji kwa wakubwa. Mwaka 1983 Marshall alipeleka ikisiri ya mdudu wake wa tumboni kwa chama cha madaktari wa tumbo cha Australia. Barua ya kumkatalia ilimweleza kwa upole kwamba zimeletwa ikisiri 67 na wameweza kukubali 56. Piga hesabu mwenyewe uone walimweka daraja gani. Mwaka uliofuata akamnywa mdudu yule kwenye kikombe, tumbo likamwaka, akapimwa akakutwa naye, akachapisha mwaka 1985. Nobel ikamfikia yeye na Warren mwaka 2005. Lynn Margulis, aliyesema kwamba mitokondria ndani ya seli zetu zilikuwa bakteria hapo kale, alikataliwa na majarida kama 15 kabla ya kuchapishwa mwaka 1967. Nakusihi tu usiyaige ya Marshall. Noti za daladala hazinyweki.

Hatimaye limetoka. Pongezi zitajaa kwenye kundi la WhatsApp la idara, mikono inayopiga makofi, na hakuna atakayelifungua. Hilo ni la kawaida na halina uhusiano na ubora. Mwaka 1947 watafiti wa Entebbe walimtoa damu kima waliyemfuga kwenye kitundu juu ya mti katika msitu wa Zika, kima namba 766, wakapata kirusi kipya. Walikichapisha mwaka 1952. Kwa zaidi ya nusu karne andiko lile lilikuwa la wachache wenye hobi ya mbu. Kirusi kilipobainika Brazili, mwaka 2015, na dunia ikagutuka, kila mtu akamkumbuka kima wa Uganda. Kama unataka kunukuliwa, basi, omba bakteria wako wapate viza.

Wakati huo huo, muuguzi wa zahanati iliyo nyuma ya kituo cha daladala anamwandikia mtoto amoksilini kwa kubahatisha, na jedwali lako la tatu lingemsaidia kujua ipi inafanya kazi mtaani kwake. Hukumpelekea. Hayumo kwenye kamati.

Miezi michache baadaye itakufikia barua ya kweli, ya mhariri wa kweli, akikuomba uhakiki andiko la kijana mmoja wa Kisumu kuhusu bakteria waliomo kwenye noti za makondakta wa matatu. Hulipwi, na una siku 14. Kaa nalo hadi ya 40. Kisha uliza kwa nini noti ni 200 tu, na kwa nini hakusoma vinasaba vya wote. Mtake ataje maandiko manne muhimu aliyoyasahau: la asubuhi, la jioni, la noti zilizochakaa na lile la fangasi. Umalizie kwa kushauri, kwa heshima zote, kwamba Kiingereza chake kipitiwe na mzawa.